Mgeni wa Majini: Neno Moja, Watu Wawili, na Deni la Mwambao wa Ufipa

Kiswahili kina neno moja kwa watu wawili. Mtu usiyemjua, aliyezuka jioni njiani na kusimama mbele ya ua wako, ni mgeni. Yule uliyekwisha kumtandikia mkeka, ukampa maji ya kunawa na kumkaribisha sahanini, naye ni mgeni. Ukitaka kuwatenganisha itakubidi uongeze maneno. Sifa hii si yetu peke yetu. Wabemba, walio kusini mwa Ufipa, humwita mtu huyo umweni, Wakikuyu humwita mũgeni, Waganda, omugenyi. Neno ni la ukoo mzima, na ni la kale kuliko mipaka yetu yote.

Kwa muda mrefu nililiona jambo hili kuwa upungufu. Nilidhani lugha iliyokomaa ingempa kila mmoja jina lake, ili mwenye nyumba ajue anamfungulia nani mlango. Leo sidhani hivyo. Kilichonibadilisha ni usiku mmoja kando ya Ziwa Tanganyika, pamoja na historia niliyoisoma baada ya usiku huo. Naomba msomaji anivumilie nianze na usiku, kisha niingie katika historia, kwa kuwa deni nililonalo limo katika yote mawili.

Kwetu ni Ilemba, katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya milima ya Lyamba lya Mfipa. Asiyeijua nchi yetu na aiwazie hivi: Ufipa ni uwanda wa juu uliokaa kati ya maziwa mawili. Mashariki, chini ya genge, liko Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kulitoa maji, ambalo hupanuka na kusinyaa kadiri ya mvua. Magharibi, chini ya genge jingine, liko Tanganyika, lenye kina kirefu na maji maangavu. Sisi wa bondeni tunalijua ziwa letu. Lile la upande wa pili wengi wetu hulijua kwa samaki wake wakavu tu.

Mwaka mmoja, katika mwezi wa Julai, shughuli ilinifikisha Kasanga, nami nikapanda boti la mbao lililokuwa likielekea kaskazini, kwenda Kipili. Hiyo ndiyo miezi ya upepo wa kusini. Asubuhi ulitusukuma kwa hisani. Alasiri ukageuka adui. Mawimbi yakawa yanapanda hadi kwenye magunia, mashine ikakohoa mara mbili na kuzima. Nahodha hakusema neno. Aliliongoza boti kwa kasia kuelekea ufuko mdogo wenye nyumba zisizozidi kumi. Kabla hatujagusa mchanga, watu walikuwa wamekwisha kuingia majini hadi kiunoni, wakalishika boti na kulivuta. Hakuna aliyetuuliza sisi ni akina nani. Hilo liliulizwa baadaye sana, baada ya ugali wa muhogo na migebuka, tulipokuwa tumeuzunguka moto huku nguo zetu zikikauka.

Mzee mwenye nyumba nilimolala ndiye aliyeuliza. "Mwanangu, wewe umetoka wapi?"

Nikajibu, "Ilemba, mzee."

Akanyamaza kidogo, kisha akaangalia ziwani. "Liemba? Mbona hatujaiona ikipita?"

Alidhani nimeshuka kutoka melini. Tulicheka sote. Nikamweleza kwamba Ilemba ni kijiji na Liemba ni chombo, na kwamba herufi mbili tu zimebadilishana nafasi. Naye akasema kwamba kwake yeye ni mamoja: yeyote aletwaye na maji ni mgeni.

Niliporudi nyumbani kauli hiyo ilinifuata. Nikaanza kuwatafuta wengine walioletwa na maji yale.

Lakini historia ya ugeni Ufipa haianzii majini. Inaanzia kwenye kigoda. Simulizi kuu ya Wafipa yahusu Milansi, kijiji wanachokitaja kuwa cha milele, kilichokuwa makao ya watawala wa kwanza. Husimuliwa kwamba mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda, akiwa amemwonya mkewe kwamba wageni watakuja, na kwamba asikubali kukiachia kiti cha utawala. Wageni wakaja kweli, nao walikuwa wanawake watatu. Mke alipowaona aliinuka, akawapisha kitini. Mume aliporejea, jambo lilikuwa limekwisha: utawala wa nchi umehamia kwa wageni, ambao ndio chimbuko la ukoo wa kifalme wa Watwa, naye akabakiwa na Milansi, mlima wa Itwelele na heshima ya mambo ya ibada.

Simulizi hii yaweza kusomwa kama onyo: usimpishe mgeni kiti. Lakini Wafipa hawakuitunza kwa uchungu wa aliyedhulumiwa. Waliitunza kama maelezo ya jinsi nchi yao ilivyopata kuwa nchi, yenye wa kale na wa baadaye, kila mmoja na nafasi yake. Inachokiri waziwazi ni kwamba kumpokea mgeni ni hatari. Anayekaribisha hajui anakaribisha nini. Ukarimu usio na hatari ndani yake si ukarimu, ni adabu tu.

Tulishike hilo, kisha turudi ziwani.

Machi 1858, Mwingereza John Hanning Speke alilivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi kutoka upande wa Ujiji. Yeye na mwenzake Richard Burton walikuwa wanatafuta chombo kikubwa cha kuwapeleka kaskazini mwa ziwa, na walisikia kwamba Sheikh Hamed bin Sulayyim, mfanyabiashara aliyekaa katika kisiwa cha Kasenge karibu na ng'ambo ya magharibi, analo jahazi. Speke alikuwa na maradhi ya macho, na njiani, katika kisiwa cha Kivira, mdudu alimwingia sikioni akamtesa vibaya. Alifika Kasenge akiwa mtu wa kuhurumiwa. Sheikh alimpokea, akampa mahali pa kukaa, akamlisha. Jahazi aliahidi kumpa, ila si sasa: baada ya miezi mitatu, atakaporudi kutoka safari yake ya biashara. Speke akarudi mikono mitupu, na Burton hakuacha kumdhihaki kwa hilo.

Wasafiri wale waliliandika tukio hili kama safari iliyoshindwa. Mimi naliona kwa jicho la mwenye nyumba. Sheikh alimpa mgeni kila alichopaswa kumpa mgeni: kivuli, chakula, maneno mazuri. Hakumpa chombo chake cha kazi. Alijua mpaka uko wapi kati ya sahani na kigoda.

Mwanzoni mwa Aprili 1867, David Livingstone alifika ncha ya kusini ya ziwa hilohilo, asijue bado kuwa ni hilohilo. Wenyeji aliowakuta waliyaita maji yale Liemba, naye akaliandika jina hilo. Alikaa kwa majuma kadhaa Pambete, kijiji cha wavuvi chenye michikichi, akiugua. Ndipo jina lile lilipoingia vitabuni. Waliompa jina hilo hawakuingia.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha miaka miwili baadaye. Januari 1869, Livingstone alipatwa na ugonjwa mkali wa mapafu upande wa magharibi wa ziwa, mahali ambapo angeweza kufa na habari zake zisisikike. Aliyemwokoa ni Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Alimpa dawa, akaagiza abebwe kwa machela kwa siku nyingi hadi ufukweni. Katikati ya Februari wakafika ziwani. Mwishoni mwa mwezi akapakiwa mtumbwini. Wapiga makasia wakaufuata mwambao, wakisubiri upepo utulie, wakilala visiwani, kisha wakavuka. Tarehe 14 Machi 1869 wakamfikisha Ujiji akiwa hai.

Hapa ukarimu hauna sura rahisi. Muhammad bin Gharib alikuwa mwenyeji mwema kwa mtu ambaye kazi ya maisha yake ilikuwa kuipinga biashara iliyomlisha Muhammad bin Gharib. Maji yaliyombeba mgonjwa ndiyo yaliyovusha watu waliofungwa. Tarehe 15 Julai 1871, Livingstone aliyaona mauaji ya sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba, akayaandika. Maandishi yake yalikuwa miongoni mwa yaliyoamsha hasira Uingereza, na Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba uliolifunga soko la watumwa la Unguja. Mgeni aliyeponywa akawa shahidi. Ni kigoda cha Milansi tena, ila safari hii aliyeinuka alistahili kuinuka.

Je, tuseme basi kwamba wema ule wa 1869 haukuwa wema? Sidhani. Lakini nalazimika kuuliza: waliokuwa wakipiga makasia ni akina nani? Huenda baadhi yao hawakuwa huru hata kukataa. Mwenye amri ameandikwa. Wenye mikono hawakuandikwa. Mgonjwa aliyelala mtumbwini aliishi kwa pumzi za watu hao, na hakuna ajuaye walirudi kwao lini, au kama walirudi.

Mwaka 1872 Livingstone alipita tena kwetu, safari hii kwa miguu, akiufuata mwambao wa Ufipa kuelekea kusini, kwenye safari yake ya mwisho. Alifariki mwaka uliofuata. Watumishi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo wakipitia upande wa kusini-mashariki wa ziwa, wakafika Februari 1874. Chuma huyohuyo akarudi Ufipa mwaka 1880, sasa akiwa mkuu wa msafara wa Joseph Thomson. Thomson aliwaona Wafipa kuwa wakulima zaidi ya watu wengi aliopata kuwaona. Kisha akapanda hadi ukingo wa Lyamba lya Mfipa, akatazama chini, akaliona ziwa letu likimeta bondeni. Akalipa jina la Leopold, mfalme wa Ubelgiji.

Nimesimama ukingoni mwa genge lile mara nyingi, nami kila mara huwaza jambo hili. Mtu amekula nafaka ya nchi, ameongozwa na watu wanaoijua njia, ameoneshwa ziwa lenye jina, naye akalitoa zawadi kwa mfalme asiyewahi kulitia mguu. Mwenyeji alimpa mgeni mtazamo; mgeni akampokonya jina. Namshukuru Mungu kwamba jina lile halikudumu. Ziwa limebaki Rukwa, kwa sababu wenyeji waliendelea kuliita hivyo kila walipokwenda kuvua. Wakati mwingine lugha hujitetea kwa kutumika tu.

Na Liemba nalo lilirudi kwa njia yake. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli huko Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaisafirisha hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ambako iliunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, gavana wao wa zamani. Ilitumika vitani. Julai 1916, walipokuwa wakirudi nyuma, waliizamisha wenyewe, wakiwa wameipaka grisi mitambo yake. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya ikiwa na jina jipya ambalo kumbe ni la kale: Liemba. Jina la gavana likafa, jina la wavuvi wasiojulikana likapakwa ubavuni mwa chuma.

Kwa miongo mingi tangu hapo, meli hiyo ilipita mwambao wetu ikisimama mahali ambapo mara nyingi hapakuwa na gati. Ilipiga honi, na mitumbwi ilitoka kijijini kuwaendea wasafiri. Aliyeshuka usiku wa manane, na mzigo kichwani na mtoto mgongoni, aliutegemea mkono wa mtu asiyemwona sura. Mkono huo haukuwa wa bure siku zote, nauli ililipwa. Lakini wenye nyumba za karibu na maji wanajua ni wangapi waliolala barazani mwao wakisubiri kupambazuke.

Mei 2015 ukarimu huo ulipimwa kwa kipimo kingine. Makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walirundikana Kagunga, kijiji cha wavuvi mpakani kabisa, chenye mlima nyuma na ziwa mbele. Kipindupindu kikazuka. Liemba ilitumwa kuwachukua, watu mia kadhaa kwa safari moja, ikienda na kurudi hadi Kigoma. Meli iliyotumika vitani ikawa baraza la wageni.

Hawakuwa Warundi wa kwanza. Waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba na Mishamo, huko Mpanda, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa wilaya ya Mkoa wetu wa Rukwa hadi Katavi ilipozaliwa mwaka 2012. Walikata misitu, wakalima, wakauza mazao yaliyolisha miji. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati ya watu hao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania.

Wapenzi wa methali, tukumbuke hapa ile tunayoipenda: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuitumia kumsuta mgeni mvivu. Nadhani tumeidharau. Jembe si adhabu. Kumpa mtu jembe ni kumwonesha shamba, na kumwonesha shamba ni kumwambia kwamba mvua ijayo itamkuta hapa. Ni siku anayoacha kuwa mgeni. Neno mwenyeji lenyewe lina "mwenye" ndani yake, yaani aliye na mji. Methali inatufundisha jinsi mtu anavyotoka neno moja kwenda jingine: kwa siku tatu na chombo cha kazi. Siku hizi hata Ilemba, wafugaji wa Kisukuma walioingia bondeni na ng'ombe wao miongo kadhaa iliyopita wana watoto wasiojua kwao kwingine. Tumegombana nao juu ya malisho na mashamba, na bado tunagombana. Lakini watoto hao, wakiulizwa wametoka wapi, hujibu kama nilivyojibu mimi.

Sasa naweza kusema kwa nini nimeacha kuliona neno mgeni kuwa pungufu. Laiti tungekuwa na maneno mawili, mwenye nyumba angepaswa kuamua kwanza huyu ni yupi, ndipo atoke. Neno letu halimpi nafasi hiyo. Linamkuta mtu majini akiwa bado hajulikani, nalo limekwisha kumwita kwa jina la anayekaribishwa. Maana ya pili huja baadaye, na huletwa na kitendo cha mwenyeji, si na sifa za aliyefika. Ndiyo maana tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone: anayepona anatajwa baada ya anayekuja.

Lakini neno hilo lina upande wa pili, na huo ndio unaoniuma. Tuna maneno mengi ya kumpokea mgeni. Tuna machache ya kumkumbuka mwenyeji. Katika visa vyote nilivyovitaja, kalamu ilikuwa mkononi mwa aliyepokewa. Tunamjua aliyeugua Pambete, hatumjui aliyemchotea maji. Nilipokuwa nikiyaandika haya nilijiona mwadilifu kwa kuwalaumu wasafiri wale, hadi nilipofika kwenye kisa changu mwenyewe.

Asubuhi ile upepo ulitulia. Mashine ilitengenezwa na kijana mmoja wa pale, aliyeifungua juu ya mchanga na kuirudisha bila kubakiza hata skrubu moja. Tulipotaka kulipa, mzee alikataa fedha ya chakula, akapokea ya mafuta tu. Alituombea njia njema. Tulisukumwa majini na watu walewale. Nilipunga mkono hadi nyumba zikawa vitone.

Nilipokuwa nimefika Kipili ndipo nikagundua: yeye aliniuliza nimetoka wapi, akanisikiliza, akacheka nami, akanipa blanketi lake. Mimi sikumwuliza jina.

Nimekwisha kujaribu kulipata kwa kuwauliza wasafiri wa njia ile. Nikilipata, nitarudi na kilo chache za mchele wa bondeni kwetu, nikae siku mbili. Siku ya tatu natumaini atanipa kasia.